Pwani ya Wagiriki Ionekanavyo Kutoka Baharini

Yapata miaka elfu mbili tangu mtu mmoja mwenye kuandika Kigiriki, aliyekuwa akifanya biashara kutoka Misri, alipoandika kitabu kidogo juu ya pwani za Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi. Kitabu chake huitwa Periplus, maana yake safari ya kuzunguka pwani. Desturi ya vitabu vya namna hiyo ni kumwonyesha nahodha nchi kavu kama aionavyo kutoka chomboni: hapa pana rasi, hapa pana maji ya kunywa, hapa watu huuza pembe za ndovu, na kutoka hapa hata pale ni mwendo wa siku mbili. Ndimo zilimoandikwa habari za pwani yetu pia. Mwandishi yule aliiita Azania, na mji wake wa mwisho wa biashara aliuita Rhapta, kwa sababu ya vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba. Mitepe ya Lamu, iliyokuwa ikishonwa vivyo hivyo, ilidumu hata karne ya 20.

Basi tumeona vema kuwafanyia Wagiriki kama mtu yule alivyotufanyia sisi, tuitazame pwani yao kutoka chomboni. Wazee wetu wa Tanganyika waliwajua Wagiriki kwa mashamba yao ya mkonge, na waliosoma Maandiko wanawajua kwa jina la Wayunani. Lakini nchi yao yenyewe ni wachache walioifikiria.

Ugiriki ni nchi iliyoliwa na bahari pande zote. Ina visiwa na vijisiwa vipatavyo 6,000, ingawa vinavyokaliwa na watu ni kama 227 tu. Bara lake limejaa milima yenye miamba, hata ikawa zamani jirani wa ng'ambo ya mlima alikuwa mbali kuliko mgeni wa ng'ambo ya maji. Bahari ilikuwa ndiyo barabara. Kwa hiyo mahekalu, ngome na bandari zao kubwa ziliwekwa ziangalie maji, na asiyezitazama kutoka majini huona mawe tu, asijue kwa nini yalipangwa pale.

Mahali pa kutazama ni pengi mno, wala gazeti halitoshi kupaeleza pote. Tutakwenda mahali pachache palipofungwa pamoja kwa kamba moja, nayo ni fedha: fedha iliyochimbwa ardhini ikanunua merikebu, merikebu zikaleta ushindi, ushindi ukaleta hazina, na hazina ikajenga majumba ambayo watu wa dunia nzima huenda kuyatazama. Twamwomba msomaji aulize, penye kila kituo, ni mikono ya nani iliyofanya kazi.

Ajaye kwa chombo kutoka upande wa Italia hukuta kwanza mfereji wa Korintho. Nchi ya kusini ya Ugiriki, iitwayo Peloponnese, imeshikamana na bara kwa ukanda mwembamba wenye upana wa maili nne hivi. Kama mwaka wa 600 kabla ya kuzaliwa Kristo (tutaandika K.K.) Wakorintho walitandika njia ya mawe katika ukanda ule, na mizigo na vyombo vidogo vikavutwa nchi kavu kutoka bahari hii hata ile. Mwaka wa 67 baada ya Kristo Kaisari Nero alianza kuchimba mfereji, na mateka 6,000 wa Kiyahudi wakaletwa kuufanyia kazi. Mwaka uliofuata Kaisari akafa, kazi ikaachwa. Mfereji wa sasa ulichimbwa kuanzia mwaka wa 1882, ukafunguliwa mwaka wa 1893. Upana wake chini ni futi 70 tu, na kuta zake za mwamba zimesimama hata futi 260 juu ya maji, basi msafiri huona mbingu kama utepe. Meli kubwa za siku hizi haziwezi kupenya, na kuta huporomoka mara kwa mara. Mwaka wa 2021 ulifungwa kwa sababu hiyo. Karibu na mlango wake wa mashariki ni Kenkrea, bandari aliyoondokea Mtume Paulo kwenda Shamu. Tusikawie hapa, maana kamba yetu inaanzia mbele.

Kutoka mfereji huo chombo huvuka Ghuba ya Saroniki, Aegina ikiwa mkono wa kuume, kikafika Piraeus, bandari ya Athene. Bandari ya Piraeus ni tatu ndani ya moja: kubwa ni Kantharos, zinapotia nanga meli za abiria ziendazo visiwani, na nyingine mbili ndogo za mviringo ni Zea na Mounichia. Karibu na mwaka wa 493 K.K. kiongozi mmoja wa Athene, jina lake Themistocles, aliwashawishi watu wake waache kutia vyombo vyao katika ufuo wa wazi wa Phaleron na kujenga boma mahali hapa. Baadaye yalijengwa mabanda ya kuwekea merikebu za vita zisioze. Hesabu yake iliandikwa juu ya mawe, na mawe hayo yameonekana: katika karne ya nne K.K. mabanda yalikuwa 372, na katika hayo 196 yalikuwa Zea. Misingi ya baadhi yake ipo mpaka leo chini ya jumba moja la makazi, na wenyeji wa orofa za juu hulala juu ya gati la babu zao.

Hapa ndipo habari ya fedha iingiapo. Mwaka wa 483 K.K. katika machimbo ya Laurion, yaliyo mwisho wa nchi ya Athene upande wa kusini, palionekana mshipa mnono wa madini ya fedha. Herodotus, mwandishi wa habari za kale, asema kwamba watu walitaka kugawana, kila raia apate drakma kumi. Ni shauri la kawaida, na sisi sote tumelisikia katika mabaraza yetu kila inapobaki akiba kidogo mkononi. Themistocles alisimama akawaambia wasigawane, wajenge merikebu. Wakati ule walikuwa na ugomvi na watu wa Aegina, naye akatumia ugomvi huo kuwa sababu, kwa kuwa Aegina waliiona kwa macho yao kila asubuhi, na Mwajemi alikuwa mbali. Wakakubali. Herodotus asema zilijengwa 200.

Merikebu hizo ziliitwa triremi. Urefu wake ulikuwa kama futi 120, na kwenye omo palifungwa mdomo wa shaba nyeusi wa kutobolea ubavu wa adui. Kila moja ilichukua watu 200, na katika hao 170 walikuwa wavuta makasia, waliokaa safu tatu, moja juu ya nyingine. Mwaka wa 1987 Wagiriki waliteremsha majini merikebu iliyojengwa kwa kufuata mfano wa zile, jina lake Olympias, nayo hukaa Phaleron, karibu sana na Piraeus. Wengi hudhani kwamba wavuta makasia wa Athene walikuwa watumwa waliofungwa minyororo. Sivyo. Wengi wao walikuwa raia huru, watu maskini wasio na shamba wala fedha ya kununua mavazi ya vita, nao walilipwa mshahara.

Kutoka Perama, mwendo mfupi magharibi ya Piraeus, pantoni huvusha watu na magari hata kisiwa cha Salamis kwa muda wa dakika 15 hivi. Abiria wengi ni watu waendao kazini au sokoni, na hawainui macho. Lakini maji yale wayavukayo ndiyo mlango wa bahari palipopiganwa vita vya mwaka wa 480 K.K. Mfalme Xerxes wa Uajemi alikuwa amekuja na jeshi kubwa kwa nchi kavu na kwa bahari, ameteka Athene na kuichoma moto. Watu wa Athene walikuwa wamekwisha uhama mji wao, wanawake na watoto wamevushwa Salamis, Aegina na Troezen. Merikebu za Wagiriki, zisizofika 400, zilikusanyika katika mlango ule. Za Waajemi zilikuwa nyingi zaidi. Wakuu wa Wagiriki walikuwa wakibishana usiku, na wengine walitaka kukimbia.

Ndipo Themistocles alipomtuma mtumwa wake aitwaye Sicinnus, aliyekuwa mlezi wa watoto wake. Mtu huyo alipanda mashua usiku akawaendea wakuu wa Waajemi, akawaambia kwamba Wagiriki wanajiandaa kutoroka, na kwamba wakiuziba mlango watawapata wote. Waajemi wakasadiki. Wakazungusha merikebu zao usiku kucha, wapiga makasia wao wasilale, na kulipopambazuka wakaingia katika maji membamba ambamo wingi wao haukuwafaa kitu. Ajionee msomaji atakapovuka: mlango ule wapata maili moja tu, na palipo na nafasi ndogo hivyo merikebu ya nyuma huisukuma ya mbele. Xerxes alikuwa ameketi kwenye mteremko wa mlima Aigaleo upande wa bara, ili aone watu wake wanavyopigana. Aliona yote. Mlima huo waonekana vizuri kutoka pantonini.

Sicinnus alitunzwa baadaye: Themistocles alimpa mali, na mji wa Thespiae ukampokea awe raia. Twamtaja kwa makusudi, maana usiku ule usalama wa nchi nzima ulikuwa katika mdomo wa mtu ambaye kwa sheria ya nchi hiyo alikuwa mali ya mwenziwe.

Katika kisiwa cha Salamis, penye rasi nyembamba iitwayo Kynosoura, kipo kilima kinachoheshimiwa kuwa ndicho kaburi la waliokufa vitani siku ile. Ushindi huo haukuwa wa mabwana wenye farasi na ngao tu; ulikuwa wa wavuta makasia. Nao walijua. Kuanzia hapo sauti ya maskini wa Athene ilipata nguvu barazani, na hata mwandishi mmoja wa mji ule, ambaye hakuwapenda maskini kabisa, alikiri kwamba ni haki wapate sehemu yao katika utawala, kwa kuwa ndio waendeshao merikebu.

Sasa tugeuze omo kusini. Chombo kikifuata pwani ya Attica kwa muda wa saa kadhaa hufika rasi ya Sounion, na juu ya jabali, kama futi 200 kutoka majini, zasimama nguzo nyeupe za hekalu la Poseidon, ambaye Wagiriki wa kale walimwabudu kuwa mungu wa bahari. Hekalu la kwanza la mahali hapa lilibomolewa na Waajemi. Hili lilijengwa kama mwaka wa 440 K.K. kwa marmari ya jirani, isiyo na chuma ndani yake, na kwa hiyo haikugeuka rangi. Nguzo za nje zilikuwa 34. Zilizosimama leo ni kama nusu yake. Baharia aliyetoka Athene aliliona hekalu hili la mwisho, na aliyerudi aliliona la kwanza. Wenyeji husimulia kwamba mfalme Aegeus alisimama juu ya jabali akimngoja mwanawe Theseus kutoka Krete. Walikuwa wamepatana kwamba akirudi salama atatweka tanga jeupe. Kijana akasahau, likaja tanga jeusi, na baba akajitupa baharini. Nayo bahari ile ikaitwa Aegean.

Juu ya nguzo moja limechorwa jina la Byron, mshairi wa Kiingereza aliyefika pale mwaka wa 1810, na wageni wengi hulitafuta kuliko wanavyolitazama hekalu. Sisi hatuoni sababu ya kulisifu. Kijana wa shule akiandika jina lake ukutani huadhibiwa, na ukuta wa shule haukujengwa na Wagiriki wa kale.

Zunguka rasi kidogo upande wa mashariki, utaona mji mdogo wa bandari uitwao Lavrio. Hiyo ndiyo Laurion yenyewe, chimbuko la fedha yetu. Nyuma ya mji vilima vimetobolewa kama mzinga wa nyuki. Mashimo na njia za chini ya ardhi zingali zipo, na njia nyingi hazikufika urefu wa futi tatu, basi mtu alichimba akiwa amelala au amepiga magoti, taa ya mafuta ikiwa kando yake. Waliochimba walikuwa watumwa. Xenophon, mwandishi wa Athene, asema kwamba tajiri mmoja, Nicias, alikuwa na watumwa 1,000 aliowakodisha machimboni, naye alipokea kwa kila mmoja oboli moja kwa siku, yaani sehemu ya sita ya drakma. Wao wenyewe hawakupata kitu. Thucydides, aliyeandika habari za vita vya Athene na Sparta, asema kwamba adui alipojenga boma karibu na Athene mwaka wa 413 K.K., watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka. Hapana hekalu juu ya vilima hivyo. Baharia aliyepita chini ya Sounion aliona marmari ikimetameta; waliomlipia hazina iliyojenga merikebu yake walikuwa upande wa pili wa kilima, chini ya ardhi.

Mbele ya Lavrio kimelala kisiwa kirefu kikavu, jina lake Makronisos. Wakati wa vita vya Wagiriki wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka wa 1946 hata 1949, serikali iliweka huko askari na raia waliodhaniwa kuwa Wakomunisti, na wengi waliteswa. Kambi ilianza mwaka wa 1947. Mwaka wa 1989 kisiwa kilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu. Meli zitokazo Lavrio hupita kando yake.

Kituo chetu cha mwisho ni Delos, katikati ya visiwa viitwavyo Cyclades. Msafiri hufika kwanza Mykonos, akachukua chombo kidogo, na kwa muda wa kama nusu saa yupo. Lakini na asali hewa kwanza: katika miezi ya Julai na Agosti huvuma upepo mkali kutoka kaskazini uitwao meltemi, na siku ukizidi vyombo haviondoki.

Delos ni kisiwa kidogo, urefu wake maili tatu, upana wake haufiki maili moja, hakina mto wala msitu. Wagiriki wa kale waliamini kwamba Apollo na Artemis walizaliwa hapo, na mwaka wa 426 K.K. wakaamuru kwamba asizaliwe wala asife mtu yeyote juu ya kisiwa kile. Wajawazito na wagonjwa wa kufa walivushwa kisiwa cha jirani. Kwa kuwa mahali palikuwa patakatifu na si pa taifa moja, baada ya kuwashinda Waajemi miji mingi na visiwa vilifanya agano pale mwaka wa 478 K.K., kwamba wataendelea kumpinga adui pamoja. Wenye merikebu walitoa merikebu. Wasio nazo walitoa fedha, nayo iliwekwa Delos. Thucydides asema kodi ya kwanza ilikuwa talanta 460, na washika hazina walikuwa watu wa Athene.

Agano lilianza kwa hiari. Watu wa kisiwa cha Naxos, kisicho mbali, walipotaka kutoka walizingirwa na kurudishwa kwa nguvu. Mwaka wa 454 K.K. hazina ilihamishwa Athene, kwa sababu ya usalama kama walivyosema. Tangu hapo sehemu moja katika 60 ya kila kodi ilitolewa kwa hekalu la Athena, na hesabu yake ikachorwa juu ya jiwe kubwa, mji baada ya mji, drakma baada ya drakma. Vipande vya jiwe hilo vimehifadhiwa Athene, na mtu ashikaye kalamu kwa riziki yake hawezi kuvisikia bila kuwakumbuka makarani waliopanga hesabu ile, maana ni safi sana. Mwaka wa 447 K.K. Waathene walianza kujenga Parthenon, hekalu kubwa lililo juu ya mji wao. Hata raia wengine wa Athene walilalamika barazani kwamba mji wao unapambwa kwa fedha ya wenzao. Na mwaka wa 416 K.K. watu wa Melos, kisiwa kingine cha bahari hii, walipokataa kuingia katika agano, wanaume waliokamatwa waliuawa, na wanawake na watoto wakauzwa.

Delos yenyewe ilipata utajiri wake mkubwa baadaye. Karibu na mwaka wa 166 K.K. Warumi waliifanya bandari isiyotoza ushuru. Matajiri wa Italia, Shamu na Misri wakajenga nyumba zenye nguzo na sakafu za vijiwe vya rangi, ambazo mgeni aweza kuziona leo. Nayo njia ya simba wa marmari ipo, ila simba wa asili wamewekwa ndani ya jumba la makumbusho na walio nje ni mifano. Biashara iliyoletwa na matajiri hao ilikuwa ya watu. Strabo, mwandishi wa habari za nchi, asema kwamba Delos iliweza kupokea na kupeleka watumwa makumi ya maelfu kwa siku moja. Mwaka wa 88 K.K. jeshi la mfalme Mithridates liliuharibu mji, na mwaka wa 69 K.K. wakaja maharamia. Kisha kisiwa kikaachwa.

Wataalamu wa Kifaransa walianza kuchimbua magofu ya Delos katika miaka ya 1870. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka wa 1873, soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Sisi wa pwani hii twajua mahali soko lile lilipokuwa, maana kanisa kuu la Mkunazini limejengwa papo hapo. Delos sivyo. Uko uwanja mmoja mkubwa ambao wengine wamesema ndio, na wengine wamekataa, na shauri halijaisha. Nyumba za wauzaji zajulikana, na majina yao yamechorwa juu ya mawe. Mahali waliposimama waliouzwa hapana alama hata moja.

Hapana mtu aruhusiwaye kulala Delos ila walinzi na wachimbuzi. Kivuli ni haba, basi mgeni na achukue maji na kofia, akaanze na gati la kale kabla jua halijawa kali, tena asipitwe na saa. Chombo cha mwisho hurudi Mykonos kwa saa yake, na nahodha hamngoji mtu.